Namna ya kupiga hesabu ya kikomo cha gharama za kikosi cha UEFA, shirikisho la soka la Ulaya

Tangu 2025, klabu inayocheza mashindano ya UEFA haitakiwi kutumia kwa kikosi zaidi ya asilimia 70 ya inachoingiza. Jumlisha mishahara ya wachezaji na kocha mkuu, malipo ya mawakala, na ada za usajili zilizogawanywa kwa miaka ya mkataba: mchezaji wa yuro milioni 100, miaka 5, ni milioni 20 kwa mwaka. Chelsea walisaini mikataba ya zaidi ya miaka 8 ili kipande cha kila mwaka kiwe kidogo. 2023 UEFA ikaweka mwisho wa kugawanya ada kuwa miaka 5, hata mkataba ukiwa mrefu zaidi.

Gawanya jumla hiyo kwa mapato pamoja na faida ya kuuza wachezaji. Gharama milioni 210 kwa milioni 300 ni asilimia 70: umegusa ukingo.

Lakini klabu tajiri inayoingiza milioni 800 inaruhusiwa 560. Pengo la klabu tajiri na ndogo liko palepale.