Riwaya ya mapenzi, dagaa wakiwa juani

Mimi hununua dagaa Kibirizi, Kigoma, naanika, nauza. Riwaya za mapenzi nazisoma hapo hapo kwenye kichanja, maana kazi iliyobaki ni kugeuza na kufukuza kunguru. Kilichokuwa kinanishinda ni kuandika maoni: siku tatu baada ya kumaliza kitabu nakumbuka jina la bwana harusi tu.

Sasa nakunja karatasi ya daftari mara nne, inakuwa alama ya ukurasa. Kila ninapoacha kusoma naandika namba ya ukurasa na neno moja au mawili ya nilichohisi: "uongo", "nimecheka", "mama mkwe tena!" Pale nilipoamini kweli kwamba hawa wawili wanapendana, napiga mstari. Kitabu kikiisha bila mstari hata mmoja, maoni yangu nimeshayapata, hata harusi iwe ya kifahari namna gani.

Kuandika kwenyewe nasubiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, wengi hawaingii ziwani, nami napata jioni kadhaa za bure. Aya tatu zinatosha: wanaopendana ni nani, kinawazuia nini, na mazungumzo yao yananoga au yanasomeka kama risala ya mgeni rasmi. Mwisho sisemi. Niliwahi kumharibia shoga yangu kitabu hivyo, akaninunia wiki nzima.

Na nawa mikono kwanza, jamani. Kitabu cha kuazima kikirudi kinanuka dagaa, hutaazimwa kingine.