Kobe wa majini: tanki kwanza, kobe baadaye

Kobe wa majini akiwa mdogo anapendeza sana, kanakaa kwenye kiganja, gamba la kijani, kamstari kekundu nyuma ya jicho, na anayekuuzia atakwambia huyu hana shida, beseni na maji na chakula kidogo basi. Hapo ndo watu wanapoingizwa mkenge. Huyo mwenye mstari mwekundu, slaida, ndo anafugwa zaidi duniani, na jike akitunzwa vizuri gamba linafika sentimita 25 mpaka 30, dume anabaki mdogo kidogo, na wote wanaweza kuishi miaka 20, 30 na zaidi. Ile stori kwamba ukimweka kwenye chombo kidogo atabaki mdogo achana nayo, anachofanya ni kudumaa, gamba linapinda, na anakufa mapema.

Kwa hiyo andaa makao kwanza, yawashe, yapime, ndo ulete kobe. Chakula ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kinachomuua kobe wa kufugwa mara nyingi ni maji machafu, baridi na kukosa jua.

Ukubwa wa tanki: wafugaji wanapiga hesabu ya lita 15 hivi za maji kwa kila sentimita moja ya gamba. Kobe wa sentimita 20 anataka lita 300, ndio, ni tanki kubwa, na kama huna nafasi hiyo ni bora ujue leo. Sio lazima liwe akwariamu la kioo, tangi la plastiki gumu au kidimbwi chenye uzio kinafaa tu. Maji yawe na kina kuzidi upana wa gamba lake, maana akipinduka kwenye maji ya kina kifupi anaweza kushindwa kujigeuza, na huyu anapumua kwa mapafu, akinasa chini ya jiwe anazama na kufa. Juu ya maji acha ukingo mrefu, wanapanda hawa, usimdharau. Chini usimwage kokoto ndogo, atazimeza zimzibe utumbo, ama uache sakafu tupu au uweke mawe makubwa kuliko kichwa chake.

Sasa maji. Kobe anakula, anajisaidia na kulala humohumo, na uchafu wake ni mwingi kuliko wa samaki. Kinyesi na mabaki ya chakula vinatoa amonia, haina rangi, kwa hiyo maji yanaweza kuonekana meupe kabisa na bado yanamchoma macho na ngozi. Filta ndo inakuokoa, na usinunue iliyoandikwa ukubwa wa tanki lako, chukua ya tanki kubwa mara mbili au tatu. Ndani ya sponji ya filta wanaota bakteria wazuri wanaogeuza amonia kuwa kitu chenye sumu kidogo zaidi, ndo maana sponji hiyo unaikamua kwenye maji uliyochota humohumo tankini, sio kwenye bomba, klorini itawaua wote na utaanza upya. Kila wiki toa kama robo ya maji, weka mapya yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini na yenye joto linalokaribiana na ya zamani. Kuna watu wanamwaga maji yote kila siku wakidhani ndo usafi, wanajichosha bure na filta haikomai. Ukitaka kupunguza kazi mlishie kwenye beseni la pembeni lenye maji halafu umrudishe, mabaki yanaishia huko. Lakini lazima liwe na maji, slaida hawezi kumeza vizuri akiwa nchi kavu.

Joto la maji liwe nyuzi 24 mpaka 27, vitoto wanapenda juu kidogo ya hapo. Kama kwako kuna baridi weka hita, na uifunike kwa kinga ya plastiki, kobe mkubwa akiigonga inapasuka. Na nunua kipimajoto, usipime kwa mkono.

Halafu kuota jua. Lazima awe na jukwaa kavu analoweza kupanda bila kuteleza, akatoka majini mwili mzima na gamba likakauka kabisa. Juu yake taa mbili, ya joto, ili hapo pafike nyuzi 30 mpaka 35, na ya miale ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Hii ya pili ndo watu wanairuka kwa sababu ni ghali na macho hayaoni tofauti. Bila UVB mwili wa kobe hautengenezi vitamini D3, bila D3 kalsiamu anayokula haifiki kwenye mifupa, na gamba lake ni mfupa, limeungana na mbavu na uti wa mgongo. Unakuta mtu anampa kalsiamu kila siku na gamba bado linabonyea. Taa iwake kwa muda wa masaa 10 mpaka 12 kwa siku, usiku giza. Umbali fuata karatasi iliyokuja na balbu. Na usiweke kioo katikati, kioo kinazuia miale hiyo, ndo maana tanki kukaa dirishani hakusaidii kitu. Balbu ya UVB inachoka kabla haijazimika, inawaka vizuri tu lakini miale imeisha, ibadilishe kila baada ya miezi 6 mpaka 12 kulingana na aina yake, andika tarehe kwa kalamu ya maka pembeni ya balbu utanishukuru.

Jua la nje ndo bora kuliko taa yoyote, mtoe kwenye chombo kipana chenye kivuli nusu na maji, na ukae naye, ndege na mbwa hawachelewi. Usibebe tanki la kioo ukaliweka juani, maji yanapanda joto haraka sana na hana pa kukimbilia.

Akiwa ameridhika utamjua. Anapanda, anasikilizia kidogo, halafu ananyoosha miguu ya nyuma, vidole vimetanuka utando unaonekana, shingo nje, macho nusu. Asipotoka kabisa majini kagua jukwaa, pengine pana baridi, panateleza au watu wanapita karibu. Na akikaa juu kutwa hataki kushuka, maji yana baridi au machafu, au anaumwa.

Chakula sasa. Wadogo wanataka protini zaidi na wanakula kila siku, wakubwa mara moja kila siku mbili tatu na sehemu kubwa iwe majani. Peleti za kobe wa majini, vile vidonge vya chakula kikavu cha dukani, ziwe msingi, kiasi kinachokaribia ukubwa wa kichwa chake, ongezea nyungunyungu, konokono, nyenje, kamba, karoti iliyokwanguliwa, letisi yenye majani ya kijani iliyokolea, gugu maji. Spinachi kidogo tu maana inazuia kalsiamu, na ile letisi nyeupe iliyojaa maji haina kitu. Wale kamba wakavu wa kopo ni vitafunwa, sio mlo, kobe aliyelelewa kwa hao peke yake unamjua kwa gamba. Nyama ya ng'ombe, mkate, soseji, maziwa, hapana. Ule mfupa mweupe wa ngisi wanaowekewa ndege mtupie unaelea, ataung'ata mwenyewe akiutaka. Na usidanganywe na kuombaomba, kila ukipita atakuja kwenye kioo anapiga miguu kama hajala mwezi mzima, ndo tabia yao, ukimtii ananenepa mpaka nyama za mapajani hazirudi ndani ya gamba.

Gamba likibambuka vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga usiogope, anakua, usivibandue kwa kucha viache vidondoke. Usiogope hicho, ogopa hivi: macho yamevimba na kufunga (mara nyingi vitamini A imepungua au maji mabaya, na asipoona hali chakula), mapovu au kamasi puani, kupumua mdomo wazi, kuelea upande mmoja umezama mmoja umeinuka, gamba kuwa laini au kuwa na madoa yanayonuka. Huyo wa kuelea upande mara nyingi ana nimonia, sio wa kusubiri wiki ijayo. Dawa za binadamu weka mbali, na gamba usilipake mafuta wala rangi, lina mishipa ya fahamu, anahisi.

Upande wako wewe: hata kobe mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoleta kuhara na homa. Marekani walipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4, kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika au ukigusa maji yake, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na mwenye mtoto wa chini ya miaka 5, mzee au mgonjwa ndani ya nyumba afikirie mara mbili.

Usimtafutie mwenza ukidhani ana upweke, hawana shida hiyo. Madume wawili watang'atana mikia, na dume na jike, dume atamfuata siku nzima akimpepea kucha ndefu usoni mpaka jike akose pa kupumzika. Hizo kucha za mbele ndefu na mkia mnene ndo alama ya dume. Jike naye hutaga hata bila dume, mayai yasiyo na kitu, ukiona anahangaika, anachimba, anataka kutoka, mpe boksi la udongo laini wenye unyevu. Asipopewa anaweza kuyabana tumboni, na hilo linaua.

Ukimshindwa usimwachie mtoni. Slaida ameshavamia mito ya mabara mengi anasukuma nje kobe wenyeji, Umoja wa Ulaya ulizuia kuwaingiza tangu 1997, na kuna nchi hata kumfuga ni kosa, kwa hiyo ulizia sheria ya kwenu kabla hujamchukua. Tafuta mfugaji mwingine au kituo cha wanyama.

Na daktari wa mifugo mtafute mapema, uliza kabisa kama anatibu reptilia, yaani wanyama watambaao kama kobe, maana wengi hawajazoea. Siku ya kumpeleka usimbebe kwenye ndoo ya maji, mweke kwenye boksi lenye matundu na taulo lenye unyevu chini, saa kadhaa nje ya maji hazimdhuru, kinachomdhuru ni kurushwarushwa ndani ya ndoo na baridi ya njiani.