Unaanza PhD ya mazingira? Usitegemee data za fildi peke yake
Jamani mnaoanza PhD ya sayansi ya mazingira, miaka mitatu minne mnayopewa inaonekana mingi ila misimu ya mvua humo ndani ni mitatu tu hivi, na wa kwanza unaishia kwenye propozo na vibali. Ukikosa mmoja, labda kifaa kimeharibika, mafuriko yamefunga njia, au umeumwa tu, basi mwaka mzima umeenda, mto hausubiri mtu.

Kwa hiyo hakikisha angalau sura moja ya tasnifu inasimama kwenye data ambazo tayari zipo. Picha za setilaiti za Landsat zinaanzia 1972 na tangu 2008 zinatolewa bure, Sentinel-2 nayo bure, inapita eneo lilelile kila siku 5 hivi na pikseli zake (nukta zinazounda picha) zilizo ndogo kabisa zina upana wa mita 10 ardhini (mawingu yatakunyima nyingi, jiandae). Unaona msitu ulivyobadilika kabla hujakanyaga fildi, na hata pa kuchukulia sampuli unapachagua vizuri zaidi.

Halafu sampuli za maji, lebo andika kwa penseli maana wino wa kawaida ukilowa unafutika, weka tarehe, saa na koodineti, na kila siku beba chupa moja ya maji safi ya maabara uifanyie yote unayozifanyia nyingine, ikipimwa ikakutwa na nitrati (kemikali kama ile ya kwenye mbolea) ujue uchafu umetoka kwako sio mtoni. Mimi hiyo chupa sikuibeba mwezi mzima, na data za mwezi huo sikuweza kuzitetea.