Jinsi ya kumfundisha mama kuchanganya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mtoto anayeharisha) mpaka uwe na hakika ameweza

Habari zenu wenzangu, hasa VHT wapya (wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini) na manesi mlioripoti juzi kwenye vituo vya afya vya daraja la II na la III. Wiki iliyopita nilikaa na dada mmoja VHT huku kwetu Isingiro, Uganda, tukalifanya hili jambo mwanzo mpaka mwisho, akaniambia musawo (yaani daktari) hebu liandike na wengine walipate. Ndo hili sasa.

Kwanza mjue limetoka wapi. Mama mmoja alikuja na mtoto wa mwaka mmoja anaharisha, nikampa pakiti za ORS, nikamweleza vizuri tu, nikamuuliza umeelewa, akasema ndiyo musawo. Nyumbani akamimina pakiti nzima kwenye chupa ya soda ya kioo, ile ya mili 300, na pakiti ile ni ya lita moja! Kwa hiyo chumvi ilizidi mara tatu na zaidi, mtoto akawa na kiu isiyoisha, analialia usiku kucha, mwishowe tukampa rufaa. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilitamka "lita moja" na sikumwonyesha lita yenyewe.

Hatua ya 1. Meza, beseni, sabuni, maji safi ya kunywa, pakiti kadhaa za ORS, kikombe na kijiko. Wote mnanawa.

Hatua ya 2. Chukua wamama watano, sita wakizidi sana. Najua vituo vingi tunasimama asubuhi mbele ya watu themanini tunapaza sauti, lakini kwa somo la mikono hiyo haifai, wa nyuma hata pakiti hawaioni. Bango la ukutani pia mimi silitumii hapa, kikombe kilichochorwa hakionyeshi ukubwa wake. Na uongee lugha ambayo mama anagombezea watoto wake, kama ni Runyankole, Kinyarwanda au Kiswahili cha Kongo, na kama huijui tafuta mama mwenzake akusaidie.

Hatua ya 3: kuipata lita. Hapa ndo pakubwa, msiharakishe. Mimi siku ya kwanza nilitaka kujua tumpeco yetu, kile kikombe kikubwa cha nyumbani, inabeba kiasi gani, nikachukua sirinji ya mili 20 nikaanza kujaza, mara hamsini ndo lita, mtu akinisalimia napoteza hesabu naanza upya, asubuhi yote ikaisha na vikombe viwili tu. Halafu nikagundua tumpeco ya huyu na ya yule hazilingani, moja ni nzito ya zamani, nyingine ya plastiki imepinda mdomo. Kwa hiyo usiseme kamwe "tumpeco mbili" ukadhani umemaliza.

Kipimo ninachokiamini ni chupa ya plastiki ya maji ya dukani iliyoandikwa 500 ml, mara mbili. Iko kila mahali, ni bure, na mama anaona ndani. Ila angalia: ujaze mpaka pale maji yanapofika ikiwa mpya haijafunguliwa, siyo mpaka mdomoni, ukijaza mpaka mdomoni inazidi kidogo. Zipo chupa zinazofanana nayo ambazo ni za mili 330 au 300, soma namba, na kama mama hasomi mwonyeshe umbo la 500 na umwekee alama. Chupa ya mafuta ya kula ya lita moja inafaa, ila ioshwe kwa sabuni na maji ya moto mpaka isiteleze. Chupa ya dawa ya shamba hapana, hata ikioshwa mara kumi. Na chupa za dripu za wodini msiwagawie watu, hizo ni taka za hospitali.

Halafu jambo nililochelewa kulijua: mama aje na chombo CHAKE. Chupa yangu inabaki kituoni, yeye anarudi kwa jagi lake la kijani. Kwa hiyo VHT wawaambie mapema, njoo na chombo unachochanganyia uji au juisi, tunamimina lita humo, tunachora mstari pale maji yalipofika. Mstari huo ndo somo lenyewe.

Asigawanye pakiti nusu kwa nusu, unga haugawanyiki sawa kwa macho. Asiongeze sukari wala soda. Kama maji yanachemshwa, yachemshwe kabla, yapoe, ndipo unga uingie, dawa ikishachanganywa haichemshwi.

Hatua ya 4. Sasa nyamaza, achanganye yeye. Usiulize "umeelewa?", kila mtu atasema ndiyo kwa heshima. Sema, "mama, nionyeshe utakavyofanya leo jioni." Akikosea usimwaibishe mbele za watu, rudia wewe, kisha arudie yeye. Huko Bangladesh, shirika la maendeleo la BRAC kati ya 1980 na 1990 walipita nyumba kwa nyumba, kama milioni 12 hivi, kufundisha wamama maji ya chumvi na sukari, na mwalimu alilipwa kulingana na mama alichokumbuka mkaguzi alipopita baadaye. Mimi hiyo ndo naiona haki, tupimwe kwa mikono ya mama, si kwa sahihi za rejista.

Hatua ya 5. Kikombe na kijiko, siyo chupa ya chuchu. Chini ya miaka miwili mili 50 hadi 100 kila akiharisha, zaidi ya hapo 100 hadi 200. Akitapika ngoja dakika kumi, endelea polepole. Kunyonya na chakula viendelee. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Hatua ya 6. Zinki, kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, siku 10, chini ya miezi sita nusu kidonge. Kinayeyushwa kwenye kijiko cha maziwa ya mama au maji safi. Wamama wengi wanaacha siku ya tatu kuhara kukikata, kwa hiyo hesabuni vidonge pamoja hapo hapo mezani.

Hatua ya 7. Damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu: arudi siku hiyo hiyo, hata usiku.

Hatua ya 8. Siku ya tatu VHT apite nyumbani, aombe kuona chombo na mstari. Tumieni kalamu nyeusi ya wino usiofutika, ile ya buluu niliyonunua mwanzo ilitoka mara ya pili ya kuoshwa, na kama jagi ni jeusi mkwaruze kwa msumari nje, ndani uchafu utajificha.