Jinsi ya kusoma kitabu kifupi cha mabadiliko kikakufaa

Who Moved My Cheese? (yaani, Nani Amehamisha Jibini Langu?) cha Spencer Johnson, kilichotoka Marekani mwaka 1998, hakifiki kurasa 100. Saa moja hivi inatosha kukimaliza, na wengi hukimaliza kabla hakijawauliza chochote. Mimi nimekirudia mara nne, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza wenzangu.

Hatua ya 1. Soma hadithi mfululizo, kalamu iwe mbali. Ndani ya mzingile wamo panya wawili, Sniff na Scurry, na watu wadogo wawili, Hem na Haw. Jibini linapokwisha, panya wanaondoka kutafuta kwingine. Hem na Haw wanabaki wakilalamika. Usijiulize bado unafanana na yupi.

Hatua ya 2. Funga kitabu, fungua daftari, andika jibini lako ni nini, yaani kile ulichokitegemea na sasa kimekutoka. Hapa usiharakishe. Kuandika "kazi" hakutoshi. Aliyehamishwa idara anaweza kudhani analilia cheo, kumbe kinachomuuma ni kuwakosa wale waliokuwa wakimjia kuomba ushauri. Ukikosea jina la ulichopoteza, utakitafuta mahali kisipokuwepo. Andika, futa, andika tena, hata kwa siku tatu. Kisha ongeza swali ambalo hadithi inalipita haraka mno: nani amelihamisha, na je, alikuwa na haki? Katika mzingile jibini lilikuwa likipungua lenyewe kidogo kidogo. Katika maisha yetu kuna watu wanaoamua, na baadhi ya maamuzi yao yanastahili kupingwa.

Hatua ya 3. Soma tena kuanzia pale Haw anapovaa viatu vyake vya kukimbilia. Pigia mstari kila penye hofu, pembeni uandike hofu yako.

Hatua ya 4. Chagua tendo moja la wiki hii. Moja tu.

Maswali ya wanachama

Swali: Kazini tumegawiwa kitabu hiki wiki ileile iliyotangazwa kupunguza wafanyakazi. Nimekasirika. Nikisome?
Jibu: Una haki ya kukasirika. Anza na mkataba wako, kisha uulizie stahiki zako kwa maandishi. Kitabu kinaweza kungoja.

Swali: Sehemu ya mwisho, ya wale marafiki wanaojadiliana, naweza kuiruka?
Jibu: Ukisoma peke yako, iruke. Mkiwa wawili au zaidi, isomeni, halafu mjadili yenu.

Swali: Mwalimu, nimefiwa na mume. Ndugu wananihimiza nisome vitabu vya kukubali mabadiliko.
Jibu: Pole sana, dada yangu. Kwa sasa kiweke kando. Hadithi hii inahusu kitu kinachoweza kupatikana kwingine, na mume si kitu cha namna hiyo. Kaa na wale wasioogopa kumtaja jina lake mbele yako. Ndugu wakikuuliza, waambie mwalimu amekuruhusu usisome.