Somo: Picha nyeusi na nyeupe, tuanzie kihambani

Habari zenu wapendwa. Wengi mnaniuliza kwa nini picha ikiondolewa rangi inatoka imepooza, kijivu tupu kama imemwagiwa majivu. Chukueni simu au kamera, twende polepole.

Hatua ya 1: Tazama mwanga, achana na rangi

Hapa ndipo penye kazi yote. Msimu wa kuchuma kahawa, ingia kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kule Uru au Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro. Buni zilizoiva ni nyekundu, majani ni ya kijani kibichi. Unaziona toka mbali. Igeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe, buni zote zinapotea ndani ya majani. Zilinipotea mimi, baada ya kusimama mbele ya tawi moja karibu saa nzima, na iliniuma kweli. Wekundu ule na ukijani ule vinarudisha mwanga karibu sawa, kwa hiyo rangi ikiondoka vyote vinakuwa kijivu kimoja.

Siku hizi kabla sijapiga nafinya macho mpaka vitu vififie. Vile ambavyo bado vinaachana, hiki kwenye mwanga na kile kivulini, ndivyo vitakavyoonekana.

Hatua ya 2: Piga kwa rangi

Ndiyo, kwa rangi. Kama kifaa chako kinahifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi yenye taarifa zote za kamera, washa hiyo. Ukihifadhi JPEG, lile faili la kawaida la picha, iliyokwisha kuwa nyeusi na nyeupe, rangi imeshatupwa na huirudishi tena.

Hatua ya 3: Filta ya rangi

Fungua picha kwenye Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, kisha chagua filta nyekundu. Filta hung'arisha rangi yake na kutia giza rangi iliyo kinyume nayo. Zile buni zinatokea nyeupe kama shanga, majani yanazama gizani. Fanya hivyo hivyo kwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi ya anga safi: buluu inakuwa nyeusi, theluji inajitokeza.

Hatua ya 4: Wahi

Jua la kwetu hupanda upesi. Likishatoka una kama saa mbili za vivuli virefu, na mara nyingi mlima nao hujifunika mawingu kabla ya mchana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo dada. Simu yangu ni ya kawaida, haina RAW. Nitaweza?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Utaweza. Piga kwa rangi, geuza baadaye. Usiivute filta sana tu, anga litatoka chembechembe.

Swali: Nilivuta lenzi mpaka theluji ya Kibo ikajaa kwenye picha. Mbona imetoka ya kijivu?

Jibu: Kamera haijui kwamba ile ni theluji. Inakadiria kila kitu kama kijivu cha kati, basi ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga. Ongeza mwanga kwa stopu 1, yaani mara mbili, kisha ukague kama michirizi ya barafu bado inaonekana. Ikiwa imeungua, yaani imebaki weupe mtupu, rudi nusu stopu.

Swali: Nimempiga bibi yangu, nikaweka filta nyekundu kama ulivyosema. Uso umetoka kama amepakwa unga!

Jibu: Pole, na asante kwa kuuliza hili. Ngozi yetu ya kahawia hurudisha wekundu kwa wingi, kwa hiyo filta nyekundu inaing'arisha na kuifuta mikunjo. Jaribu ya kijani: ngozi itarudia weusi wake, na kila mstari wa uso utaonekana. Mkalishe bibi ndani ya mlango, hatua moja kutoka kizingitini, atazame nje. Pima mwanga kwa kugusa shavu lake kwenye kioo cha simu, usiguse kitambaa cheupe cha kichwani. Mwezi wa saba, mawingu yakitanda siku nzima hapa Moshi, hapo mlangoni una mwanga laini hadi jioni. Mpige akiongea na wajukuu, halafu tuwekee hapa tumwone.