Somo: Kuchagua kishikwambi cha kusomea vitabu na majarida ya kidijitali

Wanunuzi wengi huingia dukani wakiuliza kishikwambi kina RAM kiasi gani, kamera yake ni ya megapikseli ngapi na kama kinaingia laini, na muuzaji huwajibu kwa mpangilio huohuo. Anayetaka kifaa cha kusomea anapaswa kuanza na swali ambalo jibu lake halijaandikwa popote kwenye boksi: ukurasa ninaousoma kila siku una upana gani?

Kitabu kilichoandaliwa kwa mfumo wa EPUB hujipanga upya kufuata kioo kilivyo, hivyo ukikuza herufi, mistari hujikata yenyewe na hakuna neno linalopotea pembeni. PDF haifanyi hivyo, kwa sababu ni picha ya ukurasa ulivyochapwa, na kioo kikiwa kidogo ukurasa mzima husinyaa pamoja na herufi zake. Sisi tunaosoma Kiswahili tunakutana na PDF mara nyingi zaidi: vitabu vya kiada vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, sheria na ripoti za serikali, tasnifu za vyuo, na vitabu vya zamani vilivyoskaniwa. Hata matoleo ya kidijitali ya magazeti kama Mwananchi na Taifa Leo huonyesha ukurasa kama ulivyotoka mtamboni. Kwa hiyo somo hili linaanza na ukurasa, kisha ndipo linakuja kwenye kifaa.

Hatua ya kwanza: pima ukurasa kabla ya kupima kioo

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Vioo vya vishikwambi, kwa upande wao, hutajwa kwa inchi zinazopimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, na kipimo hicho huficha jambo la muhimu, yaani umbo la kioo. Kioo cha inchi 9.7 chenye umbo la nne kwa tatu, kama cha iPad ya kwanza ya mwaka 2010, kina upana wa milimita 148 kikisimamishwa wima. Kioo cha inchi 10.1 chenye umbo la kumi na sita kwa kumi, ambalo ndilo la vishikwambi vingi vya Android, kina milimita 136 tu. Hicho kilichotajwa kwa namba kubwa ndicho chembamba, na ili umbo hilo la pili lifikie milimita 148 unahitaji kioo cha inchi 11. Ukishuka hadi inchi 8 upana ni kama milimita 108, na kwenye vile vya bei nafuu vya inchi 7 haufiki hata milimita 91.

Maana yake kwa msomaji ni hii: herufi ya ukubwa wa 10 kwenye A4 itaonekana kama ya 7 kwenye kioo cha milimita 148, kama ya 6.5 kwenye kile cha inchi 10.1, kama ya 5 kwenye inchi 8, na kama 4.3 kwenye inchi 7. Namba hizi hazihisiki mpaka uzione, na njia ya kuziona ni rahisi mno. Nenda duka la fotokopi ukiwa na ukurasa mmoja wa A4 wa aina unayoisoma, mwombe mhudumu aupunguze hadi asilimia 70 ya ukubwa wake, kisha hadi 65, kisha 51, kisha 43. Rudi na karatasi hizo nyumbani, kaa pale unapokaa ukisoma usiku, kwa taa ileile na miwani ileile. Karatasi ya kwanza itakayokulazimisha kukunja uso ndiyo inayokuambia ukubwa wa kioo usiopaswa kuununua. Kwa maoni yangu jaribio hili lina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji, na gharama yake ni kurasa nne za fotokopi.

Kuna nafuu moja ambayo watu wengi hawaitumii. Programu nyingi za kusomea PDF zina uwezo wa kukata pambizo, yaani nafasi tupu za pembeni mwa ukurasa. Ukurasa wa A4 wenye pambizo ya milimita 25 kila upande umebakiwa na maandishi ya upana wa milimita 160 tu, na ukiukata hivyo, kioo cha inchi 8 kitakuonyesha herufi kwa asilimia 67 ya ukubwa wake, ambayo ni karibu sawa na kioo cha inchi 10.1 kisichokata kitu. Nafuu hiyo huwafaa wasomaji wa tasnifu na ripoti. Haiwafai wasomaji wa majarida, kwa kuwa jarida hujaza ukurasa kwa picha hadi ukingoni na halina pambizo ya kukata, wala haiwasaidii sana wasomaji wa magazeti, ambayo kurasa zake ni pana kuliko A4.

Hatua ya pili: chagua aina ya kioo

Vioo vya wino wa kielektroniki, vile vya visomaji vya vitabu kama Kindle na Kobo, havirushi mwanga machoni bali huakisi mwanga uliopo, jinsi karatasi inavyofanya. Ndiyo maana husomeka vizuri juani, mahali ambapo kioo cha kawaida hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia, na betri yake hukaa kwa wiki badala ya saa, kwa kuwa umeme mwingi hutumika pale tu ukurasa unapobadilika. Msomaji wa riwaya asiyehitaji rangi asipoteze muda kutafuta kingine.

Majarida ni habari tofauti. Vifaa vingi vya aina hii vina kioo cha inchi 6 au 7, na ukurasa huchelewa kidogo kugeuka, kwa hiyo kukuza na kusogeza ukurasa wa PDF juu yake ni kazi ya kuchosha. Rangi zimeshafika, mfano ni Kobo Libra Colour iliyotoka mwaka 2024, lakini maandishi meusi hupata pikseli, yaani nukta zinazojenga picha, 300 kwa inchi ilhali rangi hupata 150 tu, na rangi zenyewe zimepauka kama za gazeti lililokaa dirishani. Kwa ramani na vielelezo zinatosha. Kwa jarida la mapishi au la mitindo hazitoshi.

Anayesoma majarida, basi, atabaki kwenye kioo cha kawaida chenye mwanga wa ndani, na hapo ahakikishe kwamba ni cha aina ya IPS au OLED, ambazo rangi zake hazibadiliki sana ukikitazama kwa pembe. Vishikwambi vya bei ya chini sana huweza kuwa na kioo cha TN, ambacho rangi zake hubadilika ukikitazama kwa pembe. Kikiwa kimelazwa kwa ajili ya video kasoro hiyo haionekani sana. Kikisimamishwa wima, kama msomaji anavyokishika, pembe mbaya huhamia kushoto na kulia, na jicho moja huweza kuona ukurasa wenye mwanga tofauti na linaouona jicho la pili. Ukihisi macho yanavutana baada ya dakika chache dukani, hilo ndilo tatizo, na hakuna mpangilio wa kuliondoa.

Hatua ya tatu: hesabu pikseli

Kioo cha inchi 10.1 chenye pikseli 1280 kwa 800 kina pikseli 149 tu katika kila inchi. Ukubwa huohuo ukiwa na pikseli 1920 kwa 1200 una 224. Turudi kwenye ukurasa wetu wa A4 uliosinyaa: kwenye kioo cha kwanza, herufi kama “a” au “e” hujengwa kwa pikseli sita au saba kwenda juu, na kwenye cha pili kwa kama kumi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tundu la “e” litaonekana au litajaa na kufanana na “c”. Ushauri wangu ni kutoshuka chini ya 200 kwa ajili ya PDF. Kwa EPUB, ambako unaweza kukuza herufi upendavyo, 150 huvumilika.

Hatua ya nne: mambo yanayobaki

Riwaya ya maandishi matupu haizidi megabaiti chache, lakini kitabu kilichoskaniwa au jarida lenye picha huweza kufika makumi ya megabaiti, na kishikwambi cha GB 32 hupoteza sehemu kubwa ya nafasi yake kwa mfumo wenyewe. Chukua GB 64, au chenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu. RAM ya GB 4 inatosha, na kamera puuza. Uzito usiupuuze: iPad ya kwanza ilikuwa na gramu 680 na mikono ilichoka, vya sasa vya inchi 11 vina karibu gramu 480, na Kindle Paperwhite ya mwaka 2024 ina 211.

Hatua ya tano: jua vitabu vyako vitatoka wapi

Vitabu vya Kindle hufungwa kwenye akaunti ya Amazon, na tangu tarehe 26 Februari 2025 kampuni hiyo iliondoa njia ya kupakua nakala kwenye kompyuta na kuihamisha kwa waya. Kobo husoma EPUB moja kwa moja. Kindle hupokea EPUB yako ukiituma kupitia huduma ya Amazon inayoibadilisha. Kishikwambi cha Android au iPad huweza kubeba programu za pande zote hizo pamoja na za majarida kama PressReader, na kwa mtu ambaye vitabu vyake vinatoka kila upande, hilo pekee linaweza kumaliza ubishi.

Hatua ya sita: dukani

Nenda na faili lako mwenyewe kwenye kadi au kwenye akaunti yako ya barua pepe: ukurasa mzito wa jarida na ukurasa ulioskaniwa. Lifungue, simamisha kifaa wima, pindua kurasa kumi haraka na uangalie kama kinasita. Shusha mwanga hadi mwisho, kwa sababu vipo ambavyo hata mwanga wao wa chini kabisa ni mkali mno kwa chumba chenye giza. Kisha omba kusogea nje, juani. Fungua mipangilio usome kiasi halisi cha kumbukumbu na toleo la Android, usiridhike na kilichochapwa kwenye boksi, maana vifaa vinavyotajiwa GB 256 kwa bei ya kutupa vimejaa sokoni. Kama kinaingia laini, piga *#06# upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ukiwa Tanzania au 1555 ukiwa Kenya, na ulinganishe jina litakalorudi na kifaa kilicho mkononi. Risiti iandikwe IMEI hiyo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tanga: Mwalimu, asante kwa somo. Nina simu ya inchi 6.7 na ninasoma mitihani ya zamani ya PDF. Je, kweli ninahitaji kishikwambi?*

Ndugu yangu, ilaze simu kwanza. Kioo cha inchi 6.7 kikilazwa kina upana wa takribani milimita 155, kwa hiyo herufi za A4 zitakuwa kubwa kidogo kuliko kwenye kioo cha inchi 11 kilichosimama. Tatizo ni kimo: utaona chini ya theluthi moja ya ukurasa kwa wakati mmoja. Kwa maswali mafupi hilo halina shida. Kwa swali lenye mchoro juu na vipengele chini, utakuwa unapanda na kushuka kila dakika, na hapo ndipo kishikwambi kinapojilipa.

*Mwanachama aliyeko Muscat: Assalaam alaykum. Ninasoma vitabu vya dini vyenye Kiarabu na Kiswahili katika ukurasa mmoja. Nizingatie nini?*

Wa alaykum salaam. Zingatia harakati za herufi, yaani alama za irabu za Kiarabu, kabla ya jambo lingine lolote. Fat-ha na kasra ni alama nyembamba mno, na kwenye kioo cha pikseli 149 kwa inchi huungana na herufi au hufifia kabisa, kwa hiyo kwako wewe kiwango cha 200 ni kidogo. Tafuta karibu na 300 ikiwezekana. PDF ni salama zaidi kwa vitabu vya namna hiyo, kwa sababu hubeba mpangilio na mwandiko wake ndani yake, ilhali EPUB hutegemea programu kuweka kila mstari katika mwelekeo wake. Jaribu pia kama programu inakubali kupindua kurasa kutoka kulia.

*Mwanachama wa Mombasa: Nimeletewa iPad Air 2 iliyotumika, kioo ni kizuri sana. Niichukue?*

Kioo chake ni kizuri kweli, lakini kifaa hicho ni cha mwaka 2014 na mfumo wake umekomea iPadOS 15, hivyo programu mpya za majarida huenda zikakataa kuingia. Kwa PDF ulizonazo tayari kinafaa, ikiwa bei ni ndogo na betri inakaa. Kabla ya kutoa pesa, mwenye nacho aondoe akaunti yake mbele yako na kiwashwe upya kama kipya. Kikiomba nenosiri la mmiliki wa zamani, kirudishe hapohapo.

*Mwanachama aliyeko Marekani: Maktaba ya mji wetu inaazimisha vitabu kwa simu. Kifaa kipi kinakubali?*

Programu ya Libby hufanya kazi kwenye Android na iPad kwa kadi ya maktaba, na majarida yamo pia. Ukiwa Marekani unaweza kupeleka vitabu vingi vya kuazima kwenye Kindle, na Kobo nyingi zina ndani yake huduma ya OverDrive ya kuazima vitabu vya maktaba. Kwa majarida, hata hivyo, ninarudi palepale: kioo cha rangi cha inchi 10 au 11.

*Mwanachama wa Dodoma: Mama yangu macho yamepungua nguvu. Anapenda kusoma lakini herufi zinamshinda.*

Shikamoo zake zimfikie. Mtafutie vitabu vya EPUB, si PDF, ili herufi zikuzwe bila kuhamisha ukurasa huku na huku, na kishikwambi cha inchi 10 ili mstari uliokuzwa usiishie kwenye maneno mawili. Kwenye Android, programu kama ReadEra huweza kumsomea kwa sauti, na huduma ya sauti ya Google inayo sauti ya Kiswahili ambayo hupakuliwa mara moja. Kitabu kilichoskaniwa hakitasomwa hivyo mpaka picha zake zigeuzwe kuwa maandishi, kwa hiyo kabla hujampakulia jaribu kuchagua neno moja kwa kidole: likichagulika, kitasomeka kwa sauti.